Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vya kamati, mafunzo mawili ya git (programu ya kutunza historia ya msimbo), na matoleo ya tawi letu, yaani nakala tunayoitunza wenyewe, la keneli 6.1, kiini cha mfumo wa Linux. Sitayarudia. Daftari lina wanachama 48, waliolipa ada ni 19. Kikao cha Agosti tulihudhuria 9, akidi haikutimia. Ajenda iliyokwama siku hiyo ndiyo inayolalamikiwa hadi leo: uamuzi wa kamati, ambao niliupendekeza mimi, kwamba kiraka (badiliko dogo la msimbo) kisiingie kwenye tawi letu kabla ya siku 7, wala kabla ya mtu kusoma msimbo unaokizunguka.

Imesemwa tunajifanya wajuzi kuliko Greg Kroah-Hartman na Sasha Levin wanaotunza matoleo thabiti ya keneli, yale yanayopokea marekebisho tu. Si kweli. Masharti yao ndiyo yetu: kiraka kiwe kimeshaingia kwenye tawi kuu la Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kisizidi mistari 100 pamoja na ile inayokizunguka, na kirekebishe kasoro inayosumbua watu kweli au kiongeze namba ya kifaa kipya. Marekebisho ya tahajia hayapokelewi. Viraka vingine huombwa na mwandishi wake kwa lebo ya Cc: stable, vingine huokotwa kwa lebo ya Fixes, inayotaja badiliko la awali lililoleta kasoro, vingine huchaguliwa na AUTOSEL, programu iliyofunzwa kutambua marekebisho. Kisha hutolewa saa 48 za kupinga. Kwa wingi wa viraka vinavyopita, saa hizo ni chache mno.

Kumbukeni Desemba 2023. Kiraka cha ext4, mfumo wa faili wa Linux, kuhusu uandishi wa moja kwa moja kwenye diski kwa O_SYNC (agizo la kusubiri data ifike diskini) kiliteremshwa, yaani kilitolewa tawi kuu na kuingizwa kwenye toleo la zamani, 6.1.64. Kwenye tawi kuu hakikuharibu data. Lakini kilitegemea badiliko jingine la iomap, sehemu ya keneli inayoisaidia mifumo ya faili kusoma na kuandika, nalo halikuteremshwa. Kwenye 6.1, fungsheni yake iomap_dio_complete ilikuwa ikisogeza nafasi ya faili (mahali uandishi ulipofikia) pale tu ext4 inaporudisha sifuri. Kiraka kipya kikawa kinarudisha idadi ya baiti zilizoandikwa. Nafasi haikusogea, na data iliyofuata ikaandikwa mahali pasipo pake. Git ilikipokea bila mgongano, kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ikanyamaza. Debian, mfumo uliojengwa juu ya Linux, ikaahirisha toleo lake la 12.3 na kutoa 12.4 tarehe 10 Desemba, ikiwa na keneli 6.1.66 iliyorekebishwa. Mwenye hifadhidata kwenye 6.1.64 au 6.1.65 hakuwa na ujumbe wowote wa kumwonya.

Ndiyo maana tunadai kazi ifanyike. Tafuta kwenye tawi kuu lebo za Fixes zinazotaja kiraka unachotaka kukiteremsha. Zikiwepo, viraka vyenye lebo hizo navyo vichukuliwe. Fungua kila fungsheni inayokiita, ulinganishe thamani zinazorudishwa katika matoleo yote mawili. Soma maelezo baada ya alama ya # kwenye lebo ya Cc: stable, kwani mwandishi makini hutaja hapo viraka vinavyotangulia. Kinakili kwa amri ya git cherry-pick -x ili asili yake ibaki kwenye kumbukumbu. Kikigusa mfumo wa faili, endesha xfstests, majaribio ya mifumo ya faili.

Kuhusu usalama, mlango upo: kiraka cha tundu linaloshambuliwa wakati huu hupitishwa siku hiyo hiyo, kikishasomwa na watu wawili. Namba ya CVE, ile inayopewa kila tundu la usalama linalotangazwa, peke yake haitoshi. Tangu Februari 2024 watunzaji wa keneli wanazitoa wenyewe, na karibu kila rekebisho linaloweza kugusa usalama hupata yake. Waliotaka namba hiyo iwe tiketi ya kuruka foleni niliwakatalia, na ningewakatalia tena.

Wasomaji wa viraka wanaojitolea ni wanne, nami nikiwamo. Wengi wa waliolalamika hawajawahi kusoma hata kimoja, na baadhi hawajalipa ada.

Mwaka ujao, fedha zikipatikana, tunatarajia mashine ya majaribio, na pengine kulianza tawi la 6.6.

Naomba kuwasilisha.