Kimbunga kikitulia, msitoke nje

Ndugu Mhariri,

Katika visiwa vya tropiki, bahari ikipata joto la nyuzi 26.5 za Selsiasi na zaidi, vimbunga hupata nguvu. Wengi huogopa upepo, ilhali muuaji mkubwa mara nyingi ni maji: bahari husukumwa ikapanda nchi kavu hata mita kadhaa. Anayekaa karibu na ufuo ahame mapema, tena mchana.

Hatari inayosahaulika ni jicho la kimbunga, yaani sehemu tulivu iliyo katikati yake. Upepo hukatika ghafla, pengine jua likachomoza, na watu wakapanda paa kupigilia mabati. Jicho kwa kawaida lina upana wa kilomita 30 hadi 65, nacho kimbunga husonga mbele, kwa hiyo utulivu huo unaweza usifike hata saa moja. Kisha upepo hurudi kwa kishindo kutoka upande wa pili, na dirisha lililosalimika mwanzo ndilo linalovunjika. Kaeni chumba cha ndani kisicho na madirisha.

Kubandika selotepu kwenye vioo ni kazi bure, pigilieni mbao. Jenereta nayo isiwashwe ndani, hata mlango ukiwa wazi: moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu.

Msomaji wenu