Risala ya Wanafunzi na Wazazi Wanaozungumza Kiswahili wa Louisville, Kentucky

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazazi wetu, walimu na wageni waalikwa,

Shikamooni. Kwa niaba ya kikundi chetu nakukaribisha kwa mikono miwili, na tunakushukuru kwa kuacha mapumziko yako ya Jumamosi uje kukaa nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wengi wetu tumefika hapa kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Tanzania, na Nakivale, Uganda. Tuliotoka Nyarugusu tulisoma kwa Kifaransa, mtaala wa Kongo, na hapa tukapokelewa kwa insha za Kiingereza. Lakini hatukuja kulalamikia lugha, lugha tunajifunza. Kinachotukwamisha njiani kwenda chuo ni karatasi.

Fedha za kusomea chuo zipo. Mwaka wa masomo 2024/2025, ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell ilifika dola 7,395 kwa mwanafunzi wa familia yenye kipato kidogo, wala hairudishwi. Mkimbizi aliyepokelewa kisheria ana haki ya kuiomba. Mlango wake ni fomu moja, FAFSA, inayojazwa bure.

Mimi ninayesoma risala hii niliijaza na baba mezani jikoni, saa moja asubuhi, ametoka zamu ya usiku ghalani, viatu vya kazi bado viko mguuni. Nikamtafsiria: nyumbani tuko wangapi? Akamhesabu na bibi aliyebaki Nyarugusu, kwa kuwa kila mwezi tunamtumia hela ya chakula. Fomu haimhesabu bibi anayeishi kwingine. Nilipomwambia tumtoe, baba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Haya, andika wanavyotaka." Baadaye chuo kikadai uthibitisho wa kodi ya mapato. Barua pepe yao ilikaa wiki tatu, sielewi inataka nini. Ruzuku ya jimbo hupewa anayewahi. Mfuko ukiisha, umeisha. Nikakosa. Aliyeninusuru mwaka uliofuata ni mwalimu mstaafu aliyekaa nami jioni mbili, tukaipitia fomu mstari kwa mstari. Leo nasomea uuguzi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Chuo cha Berea, kama saa mbili kwa gari kutoka hapa, hakitozi ada tangu 1892. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni. Hapo alihitimu mwanahistoria Mmarekani mweusi, Carter G. Woodson, mwaka 1903, mtoto wa wazazi waliozaliwa utumwani, aliyechimba makaa ya mawe na kuanza sekondari akiwa na miaka 20. Mwaka 1912 akapata shahada ya uzamivu (PhD) Chuo Kikuu cha Harvard. Lakini mwaka 1904, mwaka mmoja tu baada yake, jimbo hili lilipitisha sheria ya kukataza weusi na weupe kusoma pamoja, na Berea haikuweza tena kupokea weusi hadi sheria ilipolegezwa mwaka 1950. Wenzetu Wamarekani weusi tunaokaa nao darasani ni wajukuu wa waliofungiwa mlango ule, na wengi wao hukwama kwenye karatasi hizihizi. Kwa hiyo tunayoyaomba tunawaombea na wao.

Tunaomba vyuo vilete washauri wanaojua Kiswahili mara fomu inapofunguliwa, na wawepo asubuhi pia, maana wazazi wa zamu za usiku hawawezi kufika jioni. Mtoto aanze kufuatwa akiwa darasa la 10. Darasa la 12 ni kuchelewa. Upward Bound, mpango wa serikali kuu wa kuwaandaa wanafunzi wa sekondari kwenda chuo, umekuwa ukifanya hivyo tangu miaka ya 1960, nasi tunaomba nafasi zaidi. Mafunzo ya kazini yawe na malipo, kwani anayewasaidia wazazi kulipa kodi ya nyumba hawezi kujitolea kiangazi kizima. Na wapo mama zetu humu ukumbini waliokuwa wauguzi Uvira, Kongo, leo wanatandika vitanda hotelini. Wasaidiwe vyeti vyao vitambuliwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Nyuma ya ukumbi kompyuta zimewashwa, na wanafunzi wa darasa la 12 wamekuja na wazazi wao. Tunakuomba, ukishamaliza hotuba yako, ukae na familia moja mpaka fomu yao itumwe.

Naomba kuwasilisha.