Cheti cha "maji yanafaa" hakitoshi, tuandikiwe namba kwenye kilula cha maji

Ndugu Mhariri,

Ukiingia ofisi ya chombo cha watumia maji katika vijiji vya Arumeru, mara nyingi utakuta ukutani karatasi ya maabara iliyotiwa kwenye fremu. Mhuri umefifia, na chini imeandikwa: "Maji yanafaa kwa matumizi ya binadamu." Mwananchi akiuliza habari za maji anaelekezwa kwenye karatasi hiyo, mazungumzo yanaisha. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini karatasi hiyo, hata kama ilisema kweli siku ilipoandikwa, inaweza kuwa haihusiani kabisa na ndoo anayojitwika mama leo asubuhi.

Kwanza tazama tarehe. Kiwango cha taifa cha maji ya kunywa, TZS 789 cha mwaka 2018, kinataka floraidi, madini yanayoyeyuka majini kutoka kwenye miamba, isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kabla ya hapo ilivumiliwa hadi 4, na viwango vya muda vya maji ya vijijini vya mwaka 1974 vilifika 8, kwa hoja ya kwamba maji yenye kasoro ni afadhali kuliko kukosa maji. Kwa hiyo kisima kilichopimwa, tuseme mwaka 2012, kikakutwa na 3.6, kilipewa "yanafaa" kihalali. Kisima hicho hicho leo kimepita kiwango zaidi ya mara mbili. Maji ni yale yale, mwamba ni ule ule, na fremu bado inaning'inia.

Huku kwetu floraidi inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Maji yanayokaa muda mrefu ndani ya miamba hiyo huwa na magadi mengi na chokaa kidogo, na chokaa ndiyo ingeishika floraidi ikatuama. Ndiyo maana maji ya Ngarenanyuki au Oldonyo Sambu yanaweza kuwa meupe, matamu, yanatoa povu zuri la sabuni, na bado yakawa yamezidi kiwango mara kadhaa. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana, na kuchimba kwenda chini zaidi si dawa. Wakati mwingine ndiko iliko zaidi.

Wapo wanaodhani floraidi ndiyo rangi, labda kwa sababu ya jina la kata yetu ya Maji ya Chai. Sivyo. Floraidi haina rangi, haina harufu wala ladha. Rangi ya kahawia utaiona baadaye, kwenye meno ya mtoto, na ikishaonekana haiondoki, kwa kuwa iliingia wakati jino linajengwa ndani ya fizi, kabla mtoto hajafika miaka minane hivi. Maji yenye floraidi nyingi zaidi, yakinywewa miaka mingi, yanaingia kwenye mifupa: mgongo unakakamaa na miguu ya watoto inapinda.

Kuchemsha hakusaidii. Sufuria ya lita 10 yenye miligramu 3 kwa lita ikichemka hadi zikabaki lita 9, floraidi yote imo humo humo na sasa kila lita ina 3.3. Klorini haiigusi. Chujio la udongo linazuia tope na vijidudu, floraidi linaipitisha. Tunalirudia hili kwa sababu ushauri wa "chemsha maji" ni sahihi kwa kipindupindu na homa ya matumbo, ila watu wanauchukua kama dawa ya kila kitu.

Kinachosaidia na kilicho karibu ni maji ya mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 40, mahali panapopata milimita 800 kwa mwaka, ukitoa robo moja kwa kupotea, linaleta lita 24,000. Kaya inayotumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia inahitaji 7,300. Kikwazo si mvua, ni tanki la kuvusha kiangazi. Mwenye tanki dogo achanganye: maji ya kisima yenye 3, nusu kwa nusu na ya mvua, yanashuka hadi 1.5 hivi, yenye 6 yanataka ndoo moja kwa tatu za mvua. Hesabu hiyo haifanyiki kama hujui namba ya kisima chako, na hapo ndipo neno "yanafaa" linapotunyima haki. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, maana imeosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimelifanyia kazi kwa miaka mingi, linafanya kazi vizuri likitunzwa. Mifupa inachomwa kwa hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 500 hivi. Ikitoka nyeupe imeungua kupita kiasi na uwezo wake umeshuka. Ikichomwa kidogo, maji yanatoka na rangi na harufu ya mfupa, na hakuna atakayeyanywa mara ya pili. Wapo pia wanaouliza ni mifupa ya mnyama gani, na hilo ni swali halali, wajibiwe waziwazi. Ila kosa kubwa ni kusahau kwamba mkaa unashiba. Ukikadiria kila gramu inashika miligramu 2, kilo 10 zitashika miligramu 20,000. Kwa maji yenye 5, ukitaka yabaki 1, hizo ni lita 5,000, yaani siku 250 za ndoo moja. Baada ya hapo chujio linaendelea kutiririsha maji safi kwa macho, likiwa pambo tu. Tarehe ya kubadilisha iandikwe kwa rangi kwenye chombo chenyewe.

Na jikoni msisahau magadi. Magadi yanayokusanywa ziwani huku kwetu yanaweza kubeba floraidi nyingi, na kipande kinachotiwa kwenye makande au kiburu ili viive haraka kinaweza kurudisha kile mlichokwepa kwenye maji. Kulowesha maharage usiku kucha kunafanya kazi ile ile.

Tukihamia kwenye vijidudu, hapa karatasi ya ukutani ina thamani ndogo zaidi. Floraidi ya kisima hubadilika polepole. Bakteria wanabadilika kwa mvua moja. Kiwango cha bakteria wa kinyesi ni sifuri kwa mililita 100. Kwenye miradi ya mserereko, ambako maji yanateremka yenyewe bila pampu, ya miteremko ya Meru na Kilimanjaro chanzo kinaweza kuwa safi na bomba la mwisho likawa chafu. Sababu kubwa ni mgao. Bomba likikaa tupu linavuta hewa kupitia kila ufa, na pale lilipokatiza mtaro linavuta mtaro. Maji yakirudi, ndoo za kwanza ndizo mbaya kuliko zote, na ndizo zinazogombewa.

Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 inahesabiwa hivi: tanki la lita 50,000 kwa miligramu 2 kwa lita linataka gramu 100 za klorini halisi, yaani gramu 154 za unga. Zipimwe kwa mizani, si kwa kijiko. Unga ukorogwe kwenye ndoo ya plastiki, utuame, yamiminwe maji ya juu. Ukimwagwa mkavu tankini, sehemu yake inakaa chini na masimbi. Zipite dakika 30 kabla ya kufungulia, kisha bomba la mwisho lipimwe kwa kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi: klorini ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Kopo lililoachwa wazi stoo lina unga wenye sura ile ile na nguvu iliyopungua. Masika maji yakija na tope, klorini yote inaliwa na tope. Afadhali kufunga chanzo kwa saa chache kuliko kuongeza dozi kwa kubahatisha.

Hata upimaji wenyewe una njia za kudanganya bila mtu kukusudia. Chupa ya sampuli ya bakteria kwa maji yenye klorini lazima iwe na thiosalfeti ya sodiamu, la sivyo klorini inaendelea kuua vijidudu njiani na maabara inapima maji ambayo hakuna aliyeyanywa. Koki ichomwe moto, maji yaachwe yatiririke dakika mbili tatu, chupa isijae hadi mdomoni, ikae kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 6, na ikishindikana kabisa isipite 24. Sampuli iliyochotwa Ijumaa na kufunguliwa Jumatatu itupwe tu. Na ichotwe bomba la mwisho, siyo tankini asubuhi ileile dozi ilipowekwa.

Marekani, mtoa huduma ya maji kwa jamii anatakiwa kuwapa wateja wake ripoti ya ubora kila mwaka ifikapo Julai 1, na bakteria wa kinyesi wakizidi kiwango, tangazo litoke ndani ya saa 24. Ukiukwaji wanao, hasa miradi midogo ya vijijini, lakini unaandikwa na mwananchi anausoma. (Kwa floraidi kiwango chao cha lazima bado ni 4, kwa karatasi sisi tumewapita.)

Tunachoomba si maabara mpya. Kwenye kila kilula, yaani kituo cha kuchotea maji, kiwepo kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeusi, na chaki. Kiandikwe: floraidi kiasi gani, tarehe, bakteria wangapi, tarehe, bomba lipi, klorini ya leo asubuhi. Kamati ya maji na RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) wilaya wakague ubao kama wanavyokagua mita. Na pale ambapo hakuna kipimo pasiandikwe "yanafaa". Paandikwe HAIJAPIMWA.

Mafundi na wapimaji wa maji,
Usa River, Arusha