Miaka 12 ndani ya kurasa tatu

Mhariri,

Juzi nilinunua kwa muuza vitabu vya mitumba kitabu kinene cha historia ya Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, vilivyomaliza utumwa, vimepewa sura sita, na ramani juu. Miaka 12 iliyofuata, hadi 1877, iitwayo Reconstruction (ujenzi mpya wa nchi), imepata kurasa tatu tu, mojawapo ina doa la chai. Ndiyo miaka ambayo watumwa wa jana walipata uraia, wanaume wao wakapiga kura, na Hiram Revels wa Mississippi akaingia Seneti, baraza la juu la bunge lao, mwaka 1870, Mweusi wa kwanza. W.E.B. Du Bois, yule mwanahistoria Mweusi wa Marekani aliyezikwa Accra, aliiandikia miaka hiyo kitabu kizima mwaka 1935, Black Reconstruction. Wauza vitabu, tuleteeni hicho, hata kikiwa kimechakaa.

Msomaji wenu,
Morogoro