Talaka nilipewa, lakini nyumba ya Mabawa nimejenga na mimi

Mhariri salaam, naomba nafasi kidogo niseme jambo la sisi wanawake tulioachika, maana wengi tunapoteza haki zetu kwa kutojua tu.

Aliekua mume wangu kafariki mwaka jana. Tumeishi miaka 19, tukaachana 2014 kwa talaka ya karatasi, kaandika mwenyewe wakatia sahihi mashahidi wawili basi, nikatoka Mabawa na nguo zangu na wanangu watatu nikarudi kwetu Ngamiani. Sikwenda baraza la usuluhishi wala mahakamani, niliona haya, na mama alinambia mwanangu yaache Mungu atakulipa. Ile nyumba tumejenga wote, yeye mshahara wa kiwandani mimi vitumbua na chapati nawatembezea wavuvi pale Deep Sea tangu alfajiri, na bati za kwanza 20 nilinunua mimi ziko juu mpaka leo.

Siku ya hitma shemeji kasimama mbele za watu akasema huyu si mke, hapa hana chake. Kwenye urithi kasema kweli, sibishani na dini yangu, talaka rejea, ile ambayo mume anaweza kukurudia, ukiwa bado umo ndani ya eda, yaani muda wa kungoja baada ya kuachwa, mume akafa unamrithi, eda ikishaisha humrithi tena, kwahiyo thumuni, ile moja ya nane ya mke, ni ya bi mdogo ambae ndie mjane. Ila alieachwa ni mimi, wanangu hawakuachwa! Wale ni warithi wa baba yao sawasawa na mtoto wa bi mdogo, na hili ndugu wengi wanajifanya hawalijui.

Halafu jasho langu si urithi. Sheikh mmoja alinielewesha vizuri sana, kabla mirathi haijagawanywa yanatolewa kwanza mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kinachobaki ndo wanarithi. Na mahari isiyolipwa ni deni, hata kama uliachika. Mimi katika mahari yangu mlikua na cherehani, sijaiona mpaka kafa.

Upande wa serikali Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyochuma mke na mume, na Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Lakini mahakama inagawa ikishatoa yenyewe amri ya talaka, sasa mimi na kikaratasi changu nilikaa miaka yote hiyo nikidhani yameisha. Dada zangu, ukipewa talaka nenda barazani ufike na mahakama ya mwanzo mwenzio angali hai, mnaweza kuulizana yeye akajibu. Akishafukiwa unabishana na watu ambao siku mnapandisha bati hawakuwepo.

Jambo la pili bima. Kazini kwake kulikua na bima ya maisha ya wafanyakazi, fomu alijaza 2003, mnufaika jina langu, na hajawahi kwenda kulibadili. Bi mdogo na mtoto wake wa miaka minne hawamo popote. Nimepigiwa simu nikaogopa nikijua matapeli, kumbe kweli. Bi mdogo alikuja kwetu akalia na mimi nikalia, hela ilipotoka nikawagawia watoto wote wanne wa marehemu, mashemeji wakanitukana usiku kucha eti ni mali ya ukoo. Jamani akina baba, ukioa ukiacha nenda kazini, nenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, uliza fomu yako inasemaje, ni kazi ya asubuhi moja tu na unawaepusha wanao na aibu ya namna hii.

Shemeji ndo msimamizi wa mirathi. Kwa mahakama ya mwanzo msimamizi anatakiwa apeleke orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4, au muda atakaoongezewa na mahakama. Sisi huu mwezi wa saba tangu ateuliwe hatujaona karatasi yoyote na vyumba viwili keshapangisha. Jumatatu mwanangu mkubwa anaenda kumuomba hakimu amuite, na mimi namsindikiza, risiti za bati ninazo, nilizihifadhi kwenye kopo la maziwa.

Mama wa watoto watatu,
Ngamiani, Tanga