Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wageni Wetu wa Taaluma

Ndugu wanachama,

Mlipoichagua kamati hii mlitutuma jambo moja: wahadhiri wageni wanaokuja shule ya biashara wasikae hapa Mlimani, kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama watalii wenye vitambulisho vya maktaba. Nitasema tulipofika na tulipokwama. Hesabu za mfuko atazisoma Mweka Hazina, mimi sizigusi.

Tumepokea wageni sita. Wawili ni majirani, mmoja wa Kampala na mmoja wa Nairobi, na hawa hawakutusumbua. Wa Kampala alishuka basi Mbezi asubuhi, mchana yuko mbele ya darasa anafundisha. Wazee wetu hawakushangaa. Kati ya 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwalimu akitoka huko kuja huku ilikuwa kama kuhama jengo.

Wanne waliobaki walitoka Ulaya na Marekani, na kwao tatizo la kwanza ni kalenda. Wao wanapata nafasi kuanzia Juni, masomo ya kwao yakifungwa. Sisi Julai wanafunzi wa shahada ya kwanza wanatawanyika kwenye mafunzo kwa vitendo, benki huyu, halmashauri yule, na madarasa yanabaki na popo. Mwaka juzi tulimpangia mgeni mihadhara mitatu akawakuta watu tisa, watano kati yao ni sisi wenyewe. Safari hii tuliwapeleka kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, ambao hawana likizo ya kweli. Kila Jumatano mgeni alikaa na mwanafunzi mmoja na pendekezo lake la utafiti mezani, wakalipitia sentensi kwa sentensi. Hakuna bango wala picha ya pamoja, lakini wanafunzi watatu wametetea mapendekezo yao na kupita. Mimi nayahesabu hayo kuliko mihadhara ya hadhara.

Kuhusu wanaokuja kwa Erasmus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana walimu na wanafunzi, nasema kwa heshima: siku tano ni chache. Mpango unawataka wafundishe angalau saa nane kwa wiki, basi mtu anatua Jumapili, anafundisha hana pumzi, Ijumaa anataka kwenda Zanzibar. Tusiwakatae, ila tusiwape mada nzito.

Vibali ndivyo vilivyotutoa jasho. Mgeni anayetaka kukusanya data lazima apate kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na ombi halisogei bila mshirika mwenyeji, yaani mmoja wetu. Kikitoka hicho, ndipo anakwenda Uhamiaji kuomba kibali cha ukaazi daraja C. Akitaka kuvuka Zanzibar kutafiti, kule nako kuna utaratibu wao. Methali ya mgeni na jembe mnaijua. Kwetu siku ya tatu inafika na jembe lenyewe bado linasubiri kibali. Kosa hapa lilikuwa la kamati. Mgeni mmoja tulimwachia aanze maombi akiwa ameshafika, akakaa wiki nyingi akisoma magazeti. Sasa maombi yanaanza kabla hajakata tiketi.

Nyumba nayo. Mgeni wa miezi minne, mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka. Mmoja, huko Sinza, alipoona sura ya mpangaji akapandisha bei palepale mlangoni, mbele yangu. Tuliondoka. Nawashukuru wanachama wawili waliofungua vyumba vyao. Mgeni mmoja sasa anajua kununua umeme wa LUKU kwa simu na anamwita mama mwenye nyumba "shangazi", ingawa amemzidi umri.

Niruhusuni niwapeleke Kariakoo kidogo. Mgeni wetu mmoja anachunguza namna wafanyabiashara wadogo wanavyokopeshana. Alikuja na dodoso la kurasa kumi na nne. Duka la kwanza, la vitenge, mzee mwenye duka akaligeuza mbele na nyuma, akafika swali la faida ya mwaka, akauliza, akidhani ni mtu wa kodi, "Huyu ni TRA?" Mtafiti msaidizi, mwanafunzi wetu wa uzamili, akacheka, akamwambia mgeni aziweke karatasi kwenye mfuko. Ikaja kahawa na kashata. Kama nusu saa hivi wakaongea bei ya nauli na mvua. Kisha mzee akavuta kutoka chini ya kaunta daftari la shule lenye jalada lililochakaa: majina ya wateja, tarehe, kiasi, na alama ya msalaba kwa aliyelipa. Wengine hawakuwa na jina, wameandikwa "mama wa Mbagala" au "kijana wa pikipiki". Mgeni aliporudi alilitupa dodoso akaandika maswali sita.

Sasa linaloniuma. Aliyeyajua maswali sita yale ni mwanafunzi wetu. Je, jina lake litakuwepo kwenye makala? Miaka ya nyuma alikuja mgeni, mwenzetu akamfungulia milango ya VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, akamtafsiria usiku na mchana. Makala ikatoka kwenye jarida kubwa. Jina la mwenzetu halimo hata kwenye shukrani, na data hatujaziona hadi leo. Aliyefanya hivyo simtaji. Sisi ndio tuliomwacha aondoke kwa kupeana mikono tu.

Kwa hiyo kamati inaleta kwenu makubaliano ya ukurasa mmoja, yatakayosainiwa kabla mshirika mwenyeji hajaweka jina lake kwenye ombi la kibali. Yanataja nani ni mwandishi mwenza, nakala ya data itabaki wapi, na mtafiti msaidizi atalipwa lini. Baadhi yenu mmeniambia tutawakimbiza wageni. Nimewaonyesha wageni wawili wa mwaka huu. Mmoja alisaini papo hapo. Wa pili aliomba siku mbili afikirie, akarudi na sahihi, pamoja na swali kuhusu data za majina ya watu ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria. Tumeliongeza, ni kipengele cha nne.

Karatasi ziko kwa Katibu, someni kabla ya kura. Tunahitaji pia chumba kimoja kuanzia Oktoba, karibu na kituo cha mwendokasi ikiwezekana, na mtu wa kumpokea mgeni uwanja wa ndege saa tisa usiku. Mimi nilikwenda mara nne mwaka huu. Safari hii aende mwingine.