Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati kuhusu gesi inayopungua

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Dodoma, mji ambako bajeti ya Wizara yako husomwa na kujadiliwa kila mwaka, nikiwa na ombi moja: Serikali ieleze hadharani, kwa miaka na kwa viwango, jinsi gesi ya visima tunavyovitumia sasa inavyopungua, na nini kimepangwa kuchukua nafasi yake.

Gesi ya Songo Songo, kisiwa kilichoko wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kufua umeme Dar es Salaam mwaka 2004, yaani miaka 30 baadaye. Tangu hapo mitambo ya umeme na viwanda, kikiwamo kiwanda cha saruji cha Wazo, vimeitegemea mchana na usiku. Lakini kadiri gesi inavyotolewa ndivyo mgandamizo wake chini ya ardhi unavyoshuka, na ndiyo maana mwaka 2022 ilibidi zisimikwe kompresa, yaani mashine za kuongeza mgandamizo, ili iendelee kufika kwenye bomba. Kompresa husaidia kukitoa kilichobaki, hazikiongezi. Leseni ya eneo hilo ilitolewa mwaka 2001 kwa miaka 25, kwa hiyo ukomo wake wa Oktoba 2026 ulijulikana tangu siku ilipotolewa, na mwekezaji ambaye hajui kama atakuwapo baada ya tarehe hiyo hana sababu ya kuchimba kisima kipya. Uamuzi wa kuihuisha leseni au kutoihuisha ulipaswa kufanyika miaka mingi kabla.

Najua jibu ambalo wananchi hupewa: nchi imegundua gesi ya futi za ujazo trilioni 57. Ni kweli, lakini takriban trilioni 47 kati ya hizo ziko kwenye kina kirefu cha bahari, na hakuna hata kiasi kidogo kilichokwisha kuletwa nchi kavu, kwa kuwa mradi wa kusindika gesi kimiminika mkoani Lindi umebaki katika mazungumzo kwa zaidi ya miaka kumi. Hata gesi ya Ntorya, iliyoko nchi kavu mkoani Mtwara, iligunduliwa mwaka 2012 na ikapata leseni ya uendelezaji mwaka 2024. Kujumlisha gesi ya Songo Songo na ile iliyo chini ya bahari katika tarakimu moja kunamfanya msikilizaji aamini kwamba kilichopo kesho ni sawa na kinachowaka leo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ninaloliomba ni la kila kitalu, yaani kila eneo la gesi lenye leseni yake, peke yake.

Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limetupa ahueni kubwa na ninaishukuru Serikali kwa kulikamilisha. Hata hivyo ninahofu kwamba ahueni hiyo imekuwa sababu ya kuahirisha. Sisi wa kanda ya kati tunalijua bwawa la Mtera: mwaka 2015 maji yake yalipungua hadi uzalishaji wa umeme ukasimama. Mto Ruaha Mkuu unaolijaza Mtera ndio huo huo unaomwaga maji yake Rufiji, hivyo ukame mmoja unaweza kuyagusa mabwawa yote mawili, na katika miaka ya namna hiyo gesi ndiyo iliyotuokoa. Sasa treni ya SGR inayofika hapa Dodoma nayo inatumia umeme.

Ieleweke pia kwamba gesi ya mitungi, ambayo wananchi wanahimizwa kuitumia ili asilimia 80 wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, haitoki Songo Songo wala Mnazi Bay, eneo jingine la gesi lililoko Mtwara. Inaagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni.

Mheshimiwa, naelewa kwa nini jambo hili halina mwenyewe. Kisima hupungua polepole, kwa muda mrefu kuliko kipindi kimoja cha miaka mitano, na anayetoa fedha za utafiti leo huenda asiwe yeye atakayekata utepe. Upepo wa Singida umezungumzwa kwa zaidi ya muongo mmoja na mashamba yake bado hayajasimama. Utafiti wa mafuta katika bonde la Eyasi Wembere ni jambo jema, lakini utafiti si akiba ya mafuta iliyokwisha kupatikana.

Kwa hiyo naomba kila hotuba ya bajeti iambatane na taarifa ya PURA, mdhibiti wa utafutaji na uzalishaji wa mafuta na gesi, na TPDC, shirika la umma la mafuta na gesi, inayoonyesha, kwa kila kitalu, gesi iliyobaki, kiasi kinachotolewa kwa siku na mwaka ambao uzalishaji utashuka chini ya mahitaji. Naomba pia Bunge lielezwe tarehe ya mwisho ya uamuzi kwa kila leseni inayokaribia ukomo, angalau miaka mitano kabla, na jina la ofisi itakayowajibika tarehe hiyo ikipita bila uamuzi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Dodoma